Zamu ya Wifi

Fundi cherehani huyu watu walimwita Tarumbeta, naye hakuchukia. Sauti yake ilimtangulia kila alikokwenda. Kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, yeye ndiye aliyefungua milango, akasoma matangazo, akapatanisha waliogombana na kuwakemea waliosinzia. Ukiuliza lolote pale, jibu lilikuwa moja: "Muulize Tarumbeta."

Siku moja mchungaji alimfuata kazini. Alimwambia kwamba kabla mwaka haujaisha watafungua kanisa jipya upande wa pili wa reli, na kwamba Tarumbeta ndiye atakayekwenda kulianzisha. Tarumbeta alifurahi. Akakata uzi kwa meno, akauliza, "Na hapa unamwachia nani? Yule mwalimu wa kwaya?"

"Wifi yako. Nataka umwandae."

Alicheka mpaka pini zikamdondoka. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa msusi. Ibadani alifika wimbo wa pili ukiisha, na ukitaka habari ienee kabla ya jua kuzama, uipeleke saluni kwake.

"Mchungaji, ule mdomo hauna kitasa."

"Lakini watu wanamweleza shida zao. Mimi hawanielezi. Wewe wanakueleza?"

Tarumbeta akainama kuokota pini. Watu walimsikiliza, ndiyo. Kumweleza, hapana. Hilo lilimchoma, lakini hakuwa mtu wa kuachia kazi njiani. Akasema wataanza Jumanne.

Jumanne hizo zilikuwa mzigo kwa wote wawili. Tarumbeta alizungumza akiwa kwenye mashine, miguu ikikanyaga: namna ya kuongoza ibada, namna ya kuendesha kikao, namna ya kumkanya mtu mzima bila kumvunjia heshima. Wifi yake alikaa juu ya robota la vitambaa akipiga miayo.

"Wifi," alisema siku moja, "unanifundisha au unanihutubia?"

Basi wakatoka. Walikwenda kumtazama seremala aliyevunjika mguu, wakiwa wamekubaliana kwamba msusi ataongoza na Tarumbeta atafunga mdomo. Msusi alianza kuomba, akakwama katikati. Kabla hajapata neno, Tarumbeta alishalidaka ombi na kulipeleka mpaka amina, refu na lenye nguvu, mgonjwa akalia.

Barabarani wifi yake alitembea mbele bila kugeuka. Walipofika njia panda ndipo aliposema, "Ukinimalizia kila sentensi, siku ukiondoka nitabaki na nusunusu."

Usiku ule Tarumbeta alimwambia mumewe kwamba hatasema tena mahali ambapo si zamu yake, hata ulimi ukioza. Mumewe alisema angependa kuliona hilo kwa macho yake.

Mtihani haukuchelewa. Mwalimu wa kwaya, ambaye ni fundi umeme, alimwondoa mama mmoja aliyekuwa akianzisha nyimbo miaka nenda rudi, akamweka mpwa wake. Saluni ikawaka moto. Msusi aliwasikiliza wanawake asubuhi, na jioni akamwendea fundi umeme akamwambia amrudishe yule mama mara moja. Fundi hakubishana. Alibeba kinanda chake akaenda nacho nyumbani, na nusu ya kwaya ikamfuata.

Jumamosi msusi alikuja mbio kwa fundi cherehani. "Wifi, nimeharibu. Kesho simama wewe."

Tarumbeta alikuwa na la kusema, tena mengi. Angeweza kwenda kwa fundi umeme saa ileile na kumrudisha na kinanda chake begani. Akashika mkasi, akaendelea kukata shati la mteja.

"Kesho ni zamu yako," alisema. "Mimi nitakaa nyuma."

"Nitasema nini?"

"Ulichofanya unakijua. Anzia hapo."

Kesho yake mabenchi ya kwaya yalikuwa matupu. Watu waligeuza shingo kumtafuta Tarumbeta, na yeye akaukaza mkono kwenye benchi na kutazama mbele. Kule mbele wifi yake alisimama, ametangulia watu wote kufika. Akakohoa.

"Niliamua kabla sijasikia upande wa pili," alisema. "Kosa ni langu, si la kwaya wala la mwalimu wao. Leo tutaimba bila kinanda. Baada ya ibada nitakwenda kwa mwalimu, na kwa mama aliyeondolewa."

Waliimba vibaya, kila mtu na njia yake. Tarumbeta aliimba kwa sauti ndogo, ikamuuma koo kuliko kupiga kelele.

Mchana ule msusi alikaa muda mrefu kwa fundi umeme, kisha kwa yule mama, kisha akarudi tena kwa fundi. Jumapili iliyofuata kinanda kilikuwa mahali pake. Mpwa alianzisha nyimbo, na yule mama alikaa kando yake akimshika mkono panapohitaji pumzi. Waimbaji wawili hawakurudi kamwe. Walihamia kanisa jingine, na msusi aliwaaga vizuri.

Jumanne Tarumbeta alisimamisha mashine kabisa, jambo ambalo hakulizoea. "Haya, niambie. Ilikuwaje? Yule mama alisema nini?"

Wifi yake akatikisa kichwa. "Hayo ni yake. Siwezi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, wifi. Nimeahidi."

Tarumbeta alihisi uso ukipata moto. Ni miaka mingapi hakuna jambo la kanisa lililompita? Akamtazama huyu msusi asiye na kitasa, ameketi juu ya robota, amefunga mdomo, wala hajitetei. Hasira ilipanda, ikashuka, na chini yake akakuta kitu karibu na furaha.

"Usiniambie," alisema. "Hata nikikubembeleza."

Siku hiyohiyo alimpelekea mchungaji salamu kwamba aweke tarehe ya kufungua kanisa jipya.

Upande wa pili wa reli walipata chumba chenye mabati yaliyopigwa viraka, na watu wachache. Miongoni mwao alikuwamo dereva wa lori aliyesoma Biblia akifuata mstari kwa kidole. Katika wiki za mwanzo tu Tarumbeta alimpa zamu ya kuomba. Dereva alisimama, akasema "Bwana," akakwama. Watu wakafumbua macho. Tarumbeta aliyafumba yake kwa nguvu, akangoja.

"Bwana," dereva akasema tena, "tumekuja."