Jina Lililokwenda Chuoni

Mama Thérèse wa ghorofa ya juu anadai kwamba Jumatatu moja asubuhi, alipokuwa akikaanga makayabu, wale samaki wa chumvi, aliona zulia la jikoni kwake likiinuka taratibu kama unga uliotiwa hamira, na chini ya zulia kulikuwa na kichwa cha Agathe, mpangaji wa ghorofa ya chini yake. Anadai alikigonga kwa mwiko, kikashuka, na sauti kutoka chini ikasema, "Samahani, mama." Watu wa jengo lile la Wembley wanajua kwamba Mama Thérèse huongeza chumvi hata kwenye makayabu. Kichwa cha Agathe hakikutoboa dari. Kiligonga taa, taa ikavunjika, naye akafagia vipande kabla ya kwenda kazini. Ila ni kweli kwamba wiki ile alikuwa amerefuka tena, kwa sababu huko Marekani mitihani ilikuwa imekwisha.

Mwenye kufanya mitihani hakuwa yeye. Alikuwa mdogo wake, Célestine.

Huko Bukavu, baba yao alipofariki, nyumba ilibaki na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja. Agathe alikuwa amemaliza darasa la sita. Akavua sare, akaipunguza kiunoni kwa sindano, akamvika mdogo wake. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemshukuru, maana mkubwa ndivyo anavyofanya. Baadaye vita vikawatawanya. Agathe akafika London mapema, akapokelewa, akapewa kitabu cha safari chenye picha yake. Célestine akafika miaka mitatu nyuma yake, akakataliwa, akawa kila mlango ukibishwa anaingia kabatini na kukaa kati ya makoti.

Mwaka 1999 kwaya ya chuo kimoja cha Marekani ilikuja kuimba kanisani kwao. Kilikuwa chuo cha watu weusi, kilichojengwa zamani na watu waliokuwa wametoka utumwani siku si nyingi, matofali wameyafyatua wenyewe. Mwalimu wa kwaya alimsikia Célestine akiitikia sauti ya pili, akamuuliza mambo mawili matatu ya darasani, akapendezwa na majibu. Akasema chuo kingemchukua, naye mwenyewe angesimamia. Akauliza, "Jina lako nani?"

Célestine akamtazama dada yake. Mtu wa kabatini hana jina la kupandia ndege.

"Agathe," akajibu.

Asubuhi ya safari alikaa kitandani akikunja nguo, machozi yakimtoka. "Miaka minne tu, dada. Nikimaliza nalirudisha, nawe unaenda shule. Naapa kwa kaburi la baba."

"Usiape. Lirudishe tu."

Kule uwanja wa ndege, mtu wa dirishani aliitazama picha ya Agathe, akautazama uso wa Célestine, akagonga muhuri. Jina likapanda ndege likaenda zake.

Mwenye jina akabaki Wembley. Kwa kuwa mtu hawezi kufanya kazi bila jina, Mama Thérèse akamkopesha la binti yake Myriam, aliyeolewa Brussels na kuliacha London bila kazi yoyote. Kwa jina hilo Agathe akapata kusafisha ofisi kule Harrow. Aliitika haraka alipoitwa Myriam. Mtu huzoea.

Jumapili, baada ya ibada, Célestine alikuwa akipiga simu.

"Dada, huku wote ni weusi."

"Wote?"

"Wanafunzi, walimu, daktari, mpaka rais wa chuo."

"Na anayefagia?"

"Naye mweusi."

"Basi hapo hatujapishana sana."

Célestine alicheka. Kisha akasema polepole kwamba kwa mara ya kwanza amekaa darasani bila mtu kumuuliza ametoka wapi na atarudi lini. Mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni, alikuwa amemwambia asiongee akitazama sakafu, kwani sakafu haikumuuliza kitu. "Natembea kifua mbele, dada. Ungeniona."

Wiki ile viatu vya Agathe vikaanza kumbana.

Mwanzoni alidhani ni soksi za baridi. Kisha suruali ya kazi ikapanda juu ya kifundo. Kisha shingo, ambayo tangu afike nchi ile ilikuwa imezoea kuinama, ikakataa. Alipotaka kupangusa chini ya meza, ilimbidi apige magoti na kubaki wima hivyo hivyo, kama mtu anayesali. Kufika mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa akiingia kwenye treni ya Metropolitan kwa ubavu, na abiria wakimpisha bila kuinua macho kwenye magazeti yao.

"Ni jina," alisema Mama Thérèse, akimpimia pazia la kuongezea sketi. "Jina likila, mwenye jina ndiye anayeshiba. Weye ulifikiri nini?"

Agathe hakuwa amefikiri vingine. Kwao, mtoto aliyepewa jina la bibi aliye hai hukohoa bibi akikohoa, na bibi akinywa uji, mtoto hucheua. Ndiyo sababu wenye akili huwapa watoto majina ya wazee wanaokula vizuri.

Msimamizi wake wa kazi, Parminder, mwanamke wa Harrow aliyezaliwa Nakuru na kukijua Kiswahili cha dukani, alimwangalia kutoka chini hadi juu, akaingia stoo. Alitoka na sare mbili, akazishona kuwa moja.

"Myriam, wewe nakua kila likizo. Mimi taandika nini?"

"Andika sare kubwa, mama."

"Kubwa nishaandika mwaka jana." Akauma uzi. "Sasa taa za juu pangusa wewe. Ngazi tarudisha."

Daktari wa mtaa alimshauri apunguze mkate. Mtu wa kaunsili, halmashauri ya mtaa, alikuja kukagua chumba, akaeleza kwa upole kwamba msongamano huhesabiwa kwa idadi ya watu, si kwa urefu wao, na kwamba Agathe ni mtu mmoja. Akaandika Myriam, akaondoka.

Lililomsumbua zaidi lilikuwa bendi. Chuo kile kilikuwa na bendi yake ya matarumbeta na ngoma, na kila vuli, waliosoma zamani waliporudi kuwatembelea, bendi ilipita uwanjani wanafunzi wakiifuata kwa kucheza. Célestine alisimulia kwamba ngoma zile humwingia mtu mbavuni hata asijue miguu ni yake au ya wenzake. Jumamosi hiyohiyo Agathe, aliyekuwa akisukuma mashine ya kufyonza vumbi ukumbini, akasikia ngoma kifuani, magoti yakapanda, akaenda ukumbi mzima kwa mwendo wa gwaride. Kufika kwenye lifti, wasafishaji wengine walikuwa wamejipanga nyuma yake, ndoo mikononi, wakipiga hatua. Walimaliza ghorofa zote mapema. Parminder akasema siku nyingine wafanye hivyo hivyo.

Usidhani Agathe aliyaona haya kuwa taabu tupu. Yapo aliyoyapenda. Alipenda kuongea na watu wakubwa bila ulimi kukauka. Alipenda kwamba siku meneja alipomwita kwa kupiga vidole, alisimama tu, akangoja, mpaka yule bwana akatafuta maneno. Alijua kwamba mambo haya anayafundishwa mahali fulani, na mwalimu mwenye miwani mnyororoni, ingawa si yeye anayekaa kwenye kiti. Ikamjia hamu ya kukaa kwenye kiti mwenyewe.

Akaenda kwenye chuo cha watu wazima kule Harrow, kuuliza darasa la wanaoanza. Binti wa mapokezi alitafuta Myriam kwenye kompyuta. Myriam alikuwa na diploma ya ukatibu ya Brussels, hawezi kuanza mwanzo. Agathe akapiga magoti mbele ya meza, akataja jina lake la kweli kwa sauti ndogo. Binti akatafuta.

"Huyu yuko chuo kikuu Marekani," akasema. "Anaendelea vizuri."

"Najua," akasema Agathe.

Akarudi nyumbani akaona hakuna haraka. Ameahidiwa. Miaka minne si mingi kwa mtu aliyekwisha ngoja mengine.

Ikafika 2003, mwaka uwanja wa mpira wa Wembley ulipobomolewa minara yake miwili, na watu wakatoka kuitazama ikianguka. Agathe alitazamia dirishani kwake, kwa kuwa akitoka watu wa nyuma walinung'unika. Mwezi wa tano wa mwaka huo, siku ya mahafali, aliamka hajaongezeka hata ukucha. Ila kivuli chake ukutani kilikuwa kimevaa joho na kofia ya pembe nne. Akaenda nacho kazini. Parminder akasema hakina ubaya, mradi kivue kofia kikiingia kwa meneja, nacho kikavua.

Picha ikaja kwa posta. Célestine alikuwa vilevile. Mikono ya joho ilimfunika vidole, na pindo lililala nyasini kama limemwagwa. Amesimama kifua mbele, kama alivyofunzwa, ndani ya nguo ya mtu mwingine.

Simu za Jumapili zikaanza kuruka wiki. Agathe alipouliza, Célestine alisema kuna kazi amepata, aseme nini kwa wenye kazi? Wakati mwingine akasema, "Vumilia kidogo, dada, mambo ya majina si kama kuvua koti." Kisha akaanza kusahau kusema dada.

Mwaka uliofuata alikuja London. Kwaya ya chuo ilikuwa safarini tena, na sasa yeye ndiye msaidizi wa yule mwalimu. Mchungaji Ghislain alitangaza majuma mawili kabla kwamba binti yao anarudi kutoa ushuhuda. Wanawake wakapika pondu ya majani ya muhogo na wali, na Mama Thérèse akaleta makayabu. Agathe aliosha sare yake iliyoshonwa kwa sare mbili, akainyoosha kwa pasi, akakaa benchi la nyuma, pale ambapo paa la kanisa lina mwinuko na boriti haimgusi.

Célestine akapanda mbele. Akasema kwa sauti safi isiyotazama sakafu.

"Naitwa Agathe. Baba yetu alipokufa niliacha shule darasa la sita, nikamwachia mdogo wangu sare yangu."

Kanisa likasema, "Amina."

"Nilifika hapa mapema, nikafanya kazi za usafi. Niliinama mpaka shingo ikazoea. Chuo kile kilinikuta nimeinama, kikaninyanyua. Kilinipa uso wangu. Kijana mweusi, asikwambie mtu, kuna mahali unaweza kuingia mtoto ukatoka mtu mzima."

"Amina."

Agathe alisikiliza maisha yake yakisimuliwa vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeweza. Hata sindano ya kupunguzia sare ilikuwamo. Kila mtu kanisani alijua nani ni nani. Lakini mzee wa kanisa aliyekusanya sadaka alikuwa na jina la shemeji yake aliyekufa, mpiga gitaa alikuwa na la binamu aliyebaki Uvira, na mama wa watoto mapacha alikuwa na la jirani. Nusu ya benchi zile zilikaliwa na majina ya watu wengine. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusimama, maana anayesimama huulizwa naye. Wakapiga makofi, na makofi yao yalikuwa ya kweli.

Yule mwalimu wa kwaya, Mmarekani, akamwona mwanamke wa nyuma aliyekuwa amekaa na bado amewazidi waliosimama. Kivuli chake ukutani kilikuwa na joho.

"Na huyo ni nani?" akauliza.

Célestine akageuka. Wakatazamana. Agathe aliona yale macho yaliyokuwa yakimtazama kati ya makoti, kabatini, zamani.

"Huyo ni Myriam," Célestine akasema. "Alitusaidia kazi za nyumbani nilipokuwa nasoma."

Mwalimu akampungia mkono. Agathe naye akampungia. Mama Thérèse, aliyekuwa kando yake, akafunua mfuniko wa bakuli na kuufunika tena.

Baada ya chakula Agathe aliingia jiko la kanisa kuosha sahani, kama ilivyokuwa zamu yake. Sinki lilimfika magotini, kwa hiyo aliosha amekaa sakafuni. Célestine akaja na vikombe vichafu, akavipanga pembeni. Mmoja akaosha, mwingine akapangusa, mikono ikikumbuka mazoea yake.

"Umekuwa mkubwa," akasema Célestine.

"Ndiyo. Ulisoma vizuri."

"Naolewa Desemba. Jina limekwisha chongwa ukutani pale chuoni, kwenye matofali ya waliomaliza. Watoto nitakaowazaa wataandikwa kwalo." Akapangusa kikombe kilichokuwa kikavu tayari. "Na wewe umezoea Myriam. Mama Thérèse anasema ni jina zuri, halina matata."

"Nataka kuanza shule," akasema Agathe. "Darasa la mwanzo kabisa. Nikienda wananiambia nimeshamaliza."

Ukumbini watoto walikuwa wakibishana kwa Kiingereza juu ya soda ya mwisho. Mtu alijaribu piano, akaacha. Agathe akafunga bomba. Ngoma zilikuwa zimeanza kifuani mwake, za mbali, za vuli, na alizibana kwa mikono miwili ili zisimwinue. Akataja jina ambalo hakuna aliyelitamka tangu ndege ile, jina la mtoto aliyevikwa sare iliyopunguzwa kiunoni.

"Célestine, nirudishie jina langu."

Mgeni aliyekuwa akipangusa vikombe akashusha kitambaa, akageuka kutazama mlangoni, aone anayeitwa ni nani.