Kitako cha Bunduki ya Nyati

Kwa heshima na taadhima zote kinazostahili kipande cha ubao, natangaza kwamba likizo ile niliishi nyumba moja na kitako cha bunduki, na kati yetu wawili, chenyewe ndicho kilichopapaswa.

Baba ni fundi bunduki. Tangu mama afariki, mezani tupo yeye, mimi na redio, na redio ndiyo msemaji mkuu. Vitako vyake havichongi kutoka gogo moja. Huchukua mbao nyembamba, akazipaka gundi, akazipanga tabaka juu ya tabaka na kuzibana kwenye jiliwa mpaka ziwe kitu kimoja.

"Mti mmoja huvimba kwa mvua ukapinda kwa jua," aliniambia. "Tabaka hushikana. Hazipasuki."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote wiki ile.

Shule ikifunguliwa, Jumapili ya kwanza huwa siku ya wazazi. Tangu niingie bweni, baba hajawahi kufika. Kila mara kuna bunduki ya mtu. Safari hii ilikuwa bunduki ya mwindaji wa nyati, naye akaahidi: kitako kikistahimili majaribio, mwindaji atachukua mali yake, na yeye atakuja. Basi mimi, ninayesinzia kwenye sala za asubuhi, nikaanza kuuombea ubao.

Tulikwenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Baba hujaribu kila bunduki kwa bega lake mwenyewe, na ile ya nyati hupiga teke kama punda aliyetukaniwa mama. Ilipolia, baba alirudi nyuma, akasugua bega, akapiga tena na tena. Mwishowe akakifuta kitako kwa kiganja.

"Kizima. Jumapili nakuja."

Alitabasamu. Meno yale sikuwa nimeyaona tangu msiba.

Akanipa bunduki niitie mkobani. Hapo nikaona, nyuma ya mkia wa chuma kinachoshika mtutu, mstari mwembamba ukikata tabaka.

"Baba, kimepasuka."

"Unywele mwingine huo."

Juzi yake nilikuwa nimebandika unywele kwa mate juu ya kitako hichohicho na kupiga yowe, akaangusha patasi karibu na mguu.

"Haki ya Mungu, baba, leo si unywele."

"Hata juzi uliapa, Mheshimiwa. Panda gari."

Nilipanda. Kunyamaza kulikuwa rahisi, maana nilishaitwa mwongo, na Jumapili yangu ilikuwa mfukoni. Lakini mwindaji angesimama mbele ya nyati akiwa na kitu kile begani.

Tulipofika karakana nilichukua kitambaa, nikakilowesha spiriti, nikaufuta ubao.

"Njoo uone, baba. Ukikuta mzaha, ninyoe upara."

Spiriti ilikauka mbele ya macho yetu, isipokuwa ndani ya ufa. Pale ulibaki mstari mweusi, wenye unyevu, urefu wa kidole. Baba alivaa miwani. Akapitisha ukucha.

"Niliziba mwanya," alisema polepole.

Nyuma ya ule mkia huachwa nafasi nyembamba kama karatasi, ili chuma kikirudishwa na teke kisigonge ubao. Mwindaji alilalamika kwamba nafasi ile inafanana na pengo la jino, na baba, kwa kuziamini mno tabaka zake, akaijaza. Chuma kikageuka kabari. Na kabari haijui gundi wala tabaka.

"Utatengeneza kingine?"

"Msimu wa kuwinda unaanza. Na gundi haiharakishwi, mwanangu."

"Na Jumapili?"

Alivua miwani. "Nimwambie shangazi yako aje?"

"Shangazi atahubiri mpaka bendera ijishushe yenyewe. Acha tu, baba."

Akacheka kidogo, kisha akanipa mgongo na kuanza kuchagua mbao.

Jumapili hiyo uwanja wa shule ulijaa wazazi na mifuko yao. Jirani yangu wa kitanda, mdomo umejaa keki, akauliza, "Na mzee wako?"

"Anasubiri gundi ikauke."

Meza nzima ilicheka, mama yake akafuta machozi. Nilicheka nao, nikainamisha kichwa kama msanii anayepokea makofi. Kisha nikaenda bwenini, ambako hakukuwa na mtu, nikakitandika upya kitanda kilichokuwa kimeshatandikwa.