Makaa Yaliyofukizwa Ubani

Ghalia aliingia jikoni akamkuta mama yake ameshika chetezo, moshi wa ubani umetanda juu ya chupa zake mbili za makaa, vifuniko wazi.

"Lahaula! Mama, umefanya nini?"

"Nimeyafukiza. Si ulisema yanakusumbua? Watu wana jicho baya, mwanangu."

Jamani, Mungu akuepushe na msaada usiouomba! Makaa hayo ya mbao Ghalia aliyaleta nyumbani kwake mtaa wa Walthamstow, huko ughaibuni, kwa sababu maabara ilikuwa ikipakwa rangi, akachelea yasije yakanywa harufu ya rangi. Kumbe karuka majivu, kakanyaga moto.

Na saa nane mchana huo, mkuu wake, Varsha, alikuwa aamue kama utafiti wao wa kusafisha maji kwa makaa uendelee au ufungwe. Varsha, Mhindi wa mtaa wa Tooting aliyekulia Mombasa, alishikilia kwamba makaa ni vitundu tu: vitundu vikilingana, yatanasa uchafu sawasawa. Miezi minane Ghalia anabisha. La, kuta za vitundu nazo zina lake! Makaa ya chupa moja aliyaosha kwa asidi, kuta zikapata oksijeni ya kunasa madini ya risasi majini. Ya pili aliyachoma upya, oksijeni ikatoka, yapende zaidi mafuta na harufu. Lakini vipimo vilikuwa vikiyumba kila wiki.

"Umenimaliza, Mama. Bora ungebaki huko huko Pemba!"

Mama alizifunga chupa, akamwekea mkobani.

Ndani ya treni Ghalia alilia kwa hasira. Mbele ya Varsha akazifungua chupa amwonyeshe maafa yenyewe. Ile ya asidi ikafuka harufu ya ubani mpaka Varsha akapiga chafya. Ya pili wakanusa, wakanusa tena. Hakuna harufu hata chembe: makaa yale yaliyochomwa yameinasa yote.

"Zilifukizwa pamoja?"

"Chetezo kimoja, moshi mmoja."

"Na vitundu vinalingana?"

"Si ulipima mwenyewe?"

Varsha akanuna. Kushindwa na pua yako mwenyewe kunaudhi, asikwambie mtu.

"Haya basi, nakupa miezi sita. Lakini makaa mapya, na vipimo vya kweli, sitaki mambo ya kunusa." Akashika kalamu. "Jaribio hili kafanya nani?"

Ghalia akayakumbuka maneno aliyomtupia mama yake jikoni.

"Mama yangu," akasema, akatoka nje kupiga simu. Iliita, ikaita, mpaka ikakatika. Akapiga tena.