Selotepu Juu ya Kaseti ya Tatu

Kwa miaka ishirini na tano fundi redio alijitangaza kuwa shabiki namba moja wa yule mwimbaji, na hakuna mteja aliyetoka kibandani kwake bila kufundishwa. Somo lilikuwa moja: nyimbo zake za kucheza ni dhahabu, lakini zile albamu tatu za mwisho, zenye saksafoni na mahadhi ya jazi, ni uzee tu umemwingia. Hakuwa amesikiliza hata moja. Mtu mwenye msimamo hahitaji ushahidi.

Siku moja dada yake akapiga simu.

"Mdogo wangu, zile kaseti zangu tatu za albamu zake za mwisho, yule mwimbaji wako, bado unazo? Nimestaafu, nyumba imekuwa kimya. Nautaka hasa ule wimbo wa mwisho kwenye ya tatu. Nimeutafuta kote, siupati."

"Zipo, dada. Nimezitunza kama mboni ya jicho," alisema, huku macho yakizisaka kwenye rafu.

Alizikuta chini ya boksi la spika mbovu. Akaweka ya kwanza kwenye redio ya mteja, kuona tu kama inazunguka, yeye akiendelea kulehemu. Sauti aliyodhani anaijua ikaingia nyuma ya gitaa la besi bila haraka, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Siku hiyo hakulehemu tena. Mwenye redio alipokuja akaambiwa bado ina ugonjwa mdogo.

Kaseti ya pili ilimliza. Alisema ni moshi wa kulehemu, ingawa kibandani hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Ya tatu ilikuwa na selotepu juu. Dada yake alikuwa amevunja vile vijiplastiki vya juu ili kaseti isirekodiwe tena. Mtu wa kawaida angeishia hapo, lakini fundi anajua kwamba ukiziba matundu kwa selotepu, inarekodi.

Akaipiga akiomba aliyeziba awe mtu mwingine. Wimbo wa mwisho ulianza kwa piano, ikafuata saksafoni, mwimbaji akamaliza ubeti wa kwanza, akavuta pumzi, na ikatoka sauti ya kijana: "Haya, wasikilizaji, mazoezi ya tarumbeta yametosha. Sasa tupate muziki wa kweli." Alikuwa yeye, enzi zile akijifanya mtangazaji. Hata tarumbeta na saksafoni hakuwa akizitofautisha.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake. Angeweza kusema kaseti imeliwa na redio, wateja huamini. Akaiweka mezani.

"Nimeufuta, dada. Ni mimi. Na ndio mzuri kuliko zote, nimejua juzi."

Dada akaiweka redioni. Wakasikiliza mpaka kwa yule kijana, fundi akiona aibu mpaka masikioni. Dada akazima.

"Unajua wimbo unavyoendelea?"

"Sijui."

"Mimi naujua wote. Rudisha nyuma mpaka anapoanza huyo mjuaji, halafu bonyeza kurekodi."

Dada akakohoa, akaimba ubeti wa pili kwa sauti iliyochoka, mahali pa saksafoni akipiga mluzi. Alipotea mara mbili, akajirekebisha. Fundi alikuwa na maoni, kama kawaida, lakini safari hii aliyameza mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akaitoa kaseti, akaibandua selotepu.