Dorice Asiambiwe

Daktari wa Mpanda alieleza mengi siku ile: moyo wa Dorice unapiga bila mpangilio, dawa anywe kila siku, akisikia kizunguzungu akae chini apumue taratibu, na zaidi ya hapo aishi kama msichana mwingine yeyote wa miaka ishirini na mbili. Baba yake, mzee Gaspar, alirudi Ikola na neno moja tu, ambalo daktari hata hakulitilia mkazo. Asishtuliwe.

Basi kijiji kizima kikaanza kumficha Dorice mambo. Mbuzi akifa, ameuzwa. Penalti zikipigwa redioni, Dorice anatumwa chumvi dukani. Bibi Kalista alipofariki, Dorice alipelekwa Kawajense kwa shangazi eti akapumzike, akarudi akakuta kaburi limeshaota majani. Iliuma. Moyo wenyewe ulirukaruka wiki nzima lakini haukusimama. Kilichomtesa ni kwamba kila mtu alimlilia bibi isipokuwa yeye.

Mwaka huu kaka yake Dionizi aliingia ziwani na wenzake, upepo ukachafuka, na asubuhi boti haikurudi. Nyumbani wakanyamaza, Dorice asijue. Kesho yake jioni Dionizi akampigia yeye kwa simu ya kuazima, maana namba yake ndiyo pekee aliyoikariri: injini imekufa, wamesukumwa hadi Karema, wanasubiri spea, awaambie wazee.

Dorice akaenda moja kwa moja jikoni. Alipotaja tu jina la Dionizi, mama yake akamkatisha: hayo aachane nayo, anywe uji akalale. Akamfuata baba. Baba akasema Dionizi yuko salama, asiwaze sana, akatoka haraka. Dorice akaona basi, habari wameshazipata. Akaenda zake kulala.

Asubuhi akakuta turubai uani. Kuna kuni, masufuria makubwa, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni. Alipouliza, akaambiwa kuna mgeni wa kanisa. Mgeni gani wa kanisa anapikiwa na watu wenye macho mekundu? Moyo wake ukaruka, ukakosa pigo, ukatimua mbio. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya vichanja vya dagaa, akapumua alivyofundishwa hadi giza likamtoka machoni. Kisha akainuka, akaenda kusimama katikati ya wanaume.

"Nani amekufa?"

Baba akamwambia aingie ndani apumzike.

"Sipumziki, baba. Bibi mlimzika bila mimi. Huyu nitamlilia mwenyewe, na moyo ukigoma, ugomee hapa hapa mbele yenu. Nani?"

Mama yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Dionizi, mwanangu. Ziwa limemchukua."

Dorice alimtazama mama, akamtazama baba, akalitazama sufuria la wali. Akacheka. Watu wakajua amerukwa na akili.

"Dionizi yuko Karema anakula samaki. Alinipigia jana. Si nilikuja kuwaambia, nyie mkanifukuza?"

Hakuna aliyeamini mpaka alipoipiga namba ile na kuweka spika. Sauti ya Dionizi ilitoka imekereka, ikiuliza spea iko wapi. Mama akapiga yowe, wanawake wakadakia kwa vigelegele, na Dionizi akauliza hizo kelele ni za nini, kwani kuna msiba wa nani?

Mama akaishiwa nguvu za miguu. Aliyemdaka na kumkalisha ni Dorice, mgonjwa wa nyumba. Wali wa msiba ukaliwa kwa nderemo, na Dorice akamaliza sahani mbili, kifua mbele, huku wote waliomfichaficha wakimtazama.

Mzee Gaspar hakuomba radhi. Si mtu wa hivyo. Lakini mwezi uliofuata alitoka kliniki, akampita mkewe jikoni bila kusimama, akamfuata Dorice kwenye vichanja, akakaa mchangani.

"Wamenipima," alisema. "Nina presha, tena imepanda vibaya. Mama yako hajui. Nimeona nianze na wewe."

Moyo wa Dorice ukaruka mara moja, ukarudi. Akajifuta magamba mikononi, akamshika baba yake mkono na kumwinua.

"Haya, baba. Twende tukamwambie."