Sanduku Lisilo na Matangazo

Osiako alifia Pune, India, mwaka 1999. Barua zake thelathini na moja zilibaki kwenye sanduku la barua pepe la dada yake Awinja, zimezungukwa na matangazo kama wachuuzi kwenye geti la hospitali. Awinja, fundi cherehani mjini Kakamega, alikuwa akisoma, "Dada, mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa," na pembeni dawa ya kupunguza unene inampepesea macho.

"Hawa hawana adabu," alimwambia Kipkemboi, mwenye duka la kompyuta. "Mimi nimefiwa, wao wananiuzia kiuno."

"Hama, dada. Kuna sanduku jipya. La bure, nafasi mara tano, tangazo hata moja hakuna."

"Bure, kubwa, na kimya. Hao watu wanakulanga nini?"

"Hiyo waulize wao."

Awinja hakuwa mtu wa kununua kitambaa bila kukivuta. Alijitumia barua, akaifuta, akaifufua. Alikagua kila pembe ya ukurasa kama anayetafuta kunguni. Palikuwa peupe na kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Masharti yalikuwa marefu kama shuka, na mwishoni kitufe kikamwuliza kama amekubali. Akakubali. Nani husoma masharti ya kitu cha bure?

Alichapisha barua moja kutoka sanduku la zamani, ya kusomwa mazishini. Kisha akazihamisha zote, moja moja, akalifunga la zamani kwa raha ya mtu anayemfungia mlango mgeni mlevi. Mwili ulipofika, akaenda nyumbani Shianda kumzika ndugu yake.

Karatasi ile alipewa Katekista Wanjala, mtu mwaminifu sana: akipewa kitu asome, hukisoma chote. Kilichokuwa kwa Kiingereza aliwatafsiria wazee.

"Osiako anasema, mwambieni mama nimepika obusuma, ugali wa kwetu, kwa unga wa Wahindi, ukakataa kushikana. Anasema pia," akapandisha sauti, "pungua kilo kumi kwa mwezi mmoja, usipopungua utarudishiwa pesa."

"Amina!" waliitikia akina mama.

"Huyu mtoto na utani wake," alisema shangazi Teresa, akijifuta machozi.

Awinja alitamani kaburi liwe la watu wawili.

Kwao, dada wa marehemu havuki geti la boma mpaka ibada ya siku arobaini. Alinyolewa, akapika, akapokea wageni. Siku ya arobaini na moja alifika kwa Kipkemboi kabla duka halijafunguliwa.

Sanduku lilifunguka jeupe kabisa. Mstari mmoja tu, wa heshima zote, ulimjulisha kwamba sanduku lisilofunguliwa kwa siku thelathini hufutwa kila kilichomo, kama alivyokubali.

"Nilikuwa matangani!"

"Kompyuta haijui matanga, dada."

"Na lile la zamani?"

Kipkemboi alikuna kichwa. "Ulilifunga mwenyewe. Hata ulicheka."

Chini ya mstari ule palikuwa na fomu: tafadhali tathmini huduma yetu. Awinja aliijaza kwa vidole viwili. "Nafasi ni kubwa kuliko mlivyoahidi. Matangazo sikuona. Kelele hakuna. Mnamfaa sana mtu asiyefiwa na mtu." Akatuma. Walimshukuru papo hapo.

Siku hiyo hiyo alirudi Shianda, moja kwa moja kwa katekista.

"Ile karatasi unayo bado?"

"Iko kwa kitabu cha nyimbo. Nilitaka kuikata hiyo sehemu ya kilo, watu wamenicheka mpaka kanisani. Makasi ndiyo sikupata."

"Usikate kitu, Katekista."

Aliishonea mfuko wa kitambaa. Jioni aliketi na mama yake, akamsomea taratibu: mvua, unga, salamu za majirani wote. Alipofika mwisho wa maneno ya Osiako, akaanza kuikunja.

"Na ile ya kilo kumi?" mama akauliza. "Usinifiche maneno ya mtoto wangu."

Awinja akaikunjua tena, akasoma na hiyo.