Fimbo ya Verlyn

"Shemeji, ukitoa sauti hata moja, refa ananifukuza mimi na wewe," alisema Duane Kruse, huku akimfunga LaVonne vifungo vya kizibao cha rangi ya chungwa kilichomfika magotini. "Hata ya kusema 'aa'. Umenielewa?"

"Nimekuelewa tangu jana, Duane. Wewe ndiye usiyeacha kusema."

"Nasema kwa sababu nakujua. Mji mzima unakujua."

LaVonne Tiedemann aliishika fimbo kwa mikono miwili. Ilikuwa inatetemeka. Akajaribu kuikaza, ikazidi.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo, baridi," Duane alijibu, akatazama pembeni.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mechi ya mwisho ya nyumbani ya Chuo cha Haskett. Mwenye fimbo tulikuwa tumemzika Jumanne.

Katika mpira wetu, ule wa Kimarekani ambao bao ni kuvuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, timu hupewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi kumi, na hizo yadi hupimwa kwa mnyororo uliofungwa kati ya fimbo mbili. Ya mbele alishika Duane. Ya nyuma, kwa zaidi ya miaka thelathini, alishika Verlyn Tiedemann. Kila Jumamosi ya msimu alitoka kwenye ghala la mahindi na vumbi lake masikioni, akavaa kizibao, akasimama ukingoni mwa uwanja. Wala hakushangilia. Wenye mnyororo hawana timu, ndiyo sheria. Mtu aliyeipenda Haskett kuliko sisi sote, aliyempa mbwa wake jina la kocha, alisimama pale mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine mgongoni, mdomo umefungwa kama yuko kanisani.

Kelele zake alizipiga mkewe. Walikubaliana hivyo wakiwa bado wachumba. Haskett ikifunga bao, LaVonne aliruka juu ya benchi akapaza sauti iliyosikika mpaka kwenye kituo cha mafuta: "Huyooo! Verlyn, huyooo!" Wageni walihangaika kusoma migongo ya jezi wakimtafuta huyo Verlyn. Jioni, Verlyn akiwa mbele ya bakuli la maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, alisema neno lilelile moja: "Leo nimeshangilia vizuri."

Kuna mwaka tulikosa kombe kwa upana wa ngumi. Mnyororo ulivutwa, mpira haukufika, na mtu mmoja akamrushia Verlyn kikombe cha kahawa. Wiki nzima watu walimsimamisha dukani. "Ungeinamisha fimbo kidogo tu, we mzee! Nani angeona?" Yeye aliwatazama kwa huruma. "Ningeinamisha," alisema, "halafu tungekuwa tumeshinda nini?" Usiku ule wa mechi alikuwa amelia huku akiosha vyombo, na LaVonne alimwacha aoshe sahani zilezile mara mbili.

Hospitalini, mwishoni, jambo lililomsumbua lilikuwa moja.

"Mechi ya mwisho nani atashika?"

"Nitashika mimi."

"Wewe?" Verlyn alicheka mpaka mashine zikaanza kulia. "Wewe utanyamaza?"

"Mpaka filimbi ya mwisho. Utaona."

Hakuona. Kwa hiyo LaVonne alikuja uwanjani na hiyo ahadi tu, kwamba fimbo ile ifike mwisho wa msimu mkononi mwa mtu wa nyumba yake. Refa mkuu, mgeni mwenye kofia nyeupe, alimfuata kabla ya mchezo. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini sheria ni sheria, Mama. Sauti moja tu, nakurudisha jukwaani na fimbo inashikwa na mwingine."

"Sina sauti," alisema LaVonne.

Mpira ukaanza, na hapo ndipo alipoinua macho. Wenye mnyororo husimama upande wa wageni. Miaka yote hiyo yeye alikaa upande wa nyumbani akiitazama migongo ya watu. Sasa watu wake wote walikuwa wamemkabili, na kiti chake alikiona mara moja, safu ya tano karibu na ngazi, kitupu, blanketi lake jekundu juu yake. Aliona hata pindo zake. Alikumbuka Verlyn akimwambia, "Leo skafu ya kijani imekupendeza," naye akidhani mume wake anabahatisha.

Kumbe alikuwa akimwona. Mechi baada ya mechi, ng'ambo ya majani yote yale, alisimama kimya akimtazama mkewe akishangilia kwa niaba yake.

"Shemeji! Sogea!"

Alisogea. Akakita fimbo pale mwamuzi wa pembeni alipoonyesha kwa mguu, mnyororo ukanyooka, Duane akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wageni wakafunga bao, naye akanyamaza kwa urahisi. Tukapoteza mpira, akauma midomo. Mara moja aliguna, Duane akakohoa kwa nguvu kuifunika ile sauti, na refa akawatazama wote wawili.

Kisha kijana wetu namba ishirini na mbili akaupata mpira, akapenya katikati na kutoka upande wa pili peke yake.

Alikimbia, na hakukuwa na sauti. LaVonne alisikia viatu vyake vikikata majani. Alimsikia akihema. Akafikiri mtu ameumia, akafikiri refa amepiga filimbi na yeye hakuisikia, akafikiri masikio yamekufa. Akatazama jukwaani.

Tulikuwa tumesimama. Sote. Mkono mmoja mgongoni, na wa pili umeshika fimbo mbele ya kifua, midomo imefungwa. Tulizificha chini ya mabenchi tangu asubuhi: mipini ya mafagio, mabua ya mahindi, fito za uzio. Mwalimu wa kemia alikuja na bomba la pazia. Mimi nilikuwa na mpini wa reki. Nani aliyeyaanzisha maneno hayo hatujui hadi leo, ila kufikia Ijumaa yalikuwa yamefika kila jiko. Bao letu la kwanza, tulisema, tutalitazama kama Verlyn alivyolitazama. Hatukujua lingekuwa jambo kubwa hivyo. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Nimekaa katika uwanja ule maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba bendera ile ina sauti.

Kijana alivuka mstari, akauweka mpira chini taratibu, akapeleka mkono mmoja mgongoni. Kocha wa wageni akavua kofia.

LaVonne alitutazama. Alielewa kila kitu, na akaona kosa letu palepale. Tulimpa Verlyn kimya, naye kimya alikuwa nacho tele. Kitu alichokosa ni mtu wa kumpigia kelele, na leo mtu huyo alikuwa amevaa kizibao.

"Shemeji," Duane alinong'ona. "Shemeji, hapana."

"Huyooo!" Ilitoka ikiwa imepasuka, ikapanda. "Verlyn! Verlyn, huyooo!"

Ilivuka uwanja ikatufikia sote. Hakuna aliyesogea. Refa ndiye aliyekuja, polepole, kutoka kule kwenye bao, na LaVonne akaikumbatia fimbo kifuani akimngojea.

"Nimesikia sauti upande huu."

"Imetoka jukwaani, refa," alisema Duane. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watu wa kule hawajui kunyamaza."

Refa akageuka. Akatutazama, mji mzima umesimama na mafagio, hakuna hata kikohozi. Akavua kofia yake nyeupe, akaishika kidogo, akairudisha kichwani.

"Kweli," alisema. "Waambieni wapunguze."

Akaenda zake.

Hapo mtu mmoja kule juu akagonga sakafu ya bati kwa mpini wake, mara moja. Mwingine akafuata, kisha safu nzima, kisha sote, midomo ingali imefungwa. Mlio ulishuka ngazi, ukapita chini ya majani, ukafika ng'ambo. LaVonne alilegeza vidole. Fimbo ya Verlyn ilikuwa bado inatetemeka ardhini, na sasa si mikono yake iliyoitetemesha.